Japani kwa mara ya kwanza: pasi ya reli ya siku 7 inalipa?

Swali: Assalaam aleikum kaka. Mimi na mume wangu tunaishi Tanga. Tumedunduliza kwa muda mrefu na sasa tunataka kwenda Japani kwa mara ya kwanza. Likizo yangu inaanza tarehe 25 Aprili na tutalala kule usiku 11. Tumepanga Tokyo, Sapporo, Kyoto, Nara, Osaka na Hiroshima, halafu turudi Tokyo kupanda ndege. Kila tunayemuuliza anasema tununue Japan Rail Pass ya siku 7 kabla ya kuondoka. Inalipa kweli? Na sisi Waislamu, chakula tutapata? La mwisho, naweza kubeba kikausha nywele changu?

Jibu: Waaleikum salaam dada yangu. Kwa safari yenu pasi hiyo hailipi, msiinunue. Ila kwenye ratiba yenu naona mambo mawili yatakayowagharimu kuliko hiyo pasi: tarehe mlizochagua, na huko kurudi Tokyo kufuata ndege.

Nianze na pasi kwa sababu ndiyo uliyouliza. Ni tiketi moja ya kupanda treni nyingi za JR, makampuni makuu ya reli ya Japani, kwa siku hizo 7. Wanaowashauri hawakosei kabisa, wamechelewa tu. Hadi Septemba 2023 pasi ya siku 7 ya daraja la kawaida ilikuwa yen 29,650, na mtu akienda Tokyo hadi Kyoto na kurudi alikuwa karibu ameshairudisha pesa yake. Tarehe 1 Oktoba 2023 bei ikaruka hadi yen 50,000. Ushauri wa zamani umebaki ukizunguka mitandaoni kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tupige hesabu ya mzunguko wenu, Sapporo tukiiweka pembeni kwanza. Tokyo hadi Kyoto kwa Nozomi, ile treni ya haraka kuliko zote kwenye njia hiyo, kiti cha kuchagua ni takriban yen 14,000. Kyoto hadi Hiroshima ni kama 11,500. Hiroshima kurudi Tokyo ni karibu 20,000. Jumla inafika kama 45,500, na hapo mmeshamaliza mzunguko mzima. Pasi ya 50,000 bado inawadai. Isitoshe, mwenye pasi akitaka kupanda Nozomi analipa nyongeza, karibu yen 5,000 kwa Tokyo–Kyoto peke yake. Asipolipa anasubiri Hikari, treni inayosimama vituo vingi zaidi, ambayo ni nzuri lakini huja kwa nadra zaidi. Na siku 7 za pasi huhesabiwa mfululizo, hata siku mnayoshinda mnatembea kwa miguu Asakusa, mtaa wa kale wa Tokyo. Ndani ya Tokyo mtapanda sana treni za chini ya ardhi, za Tokyo Metro na za Toei, ambazo pasi haizigusi.

Sasa hilo la kurudi Tokyo. Mnaponunua tiketi ya ndege mtandaoni, acheni sehemu ya kwenda na kurudi, mchague ile ya miji mingi: mtue Tokyo, Haneda au Narita, na mwondokee Kansai, uwanja wa ndege wa Osaka. Emirates kupitia Dubai na Qatar Airways kupitia Doha wanakwenda pande zote mbili. Mara nyingi nauli haipishani sana na ile ya kurudi mji mmoja. Mnaokoa saa mbili na nusu za treni na zaidi ya yen 14,000 kwa kila mtu, pesa ambazo mngezilipa ili mpite tena njia mliyokwishaipita. Ukipata nafasi ya kuchagua kati ya Haneda na Narita, chukua Haneda. Ipo ndani ya jiji, wakati Narita iko zaidi ya kilomita 60 kutoka katikati ya Tokyo, na baada ya safari ndefu namna ile utaiona tofauti.

Sapporo iacheni safari hii. Kwa treni kutoka Tokyo ni karibu saa 8 kwenda tu, pamoja na kubadilisha njiani. Kwa ndege ni saa moja na nusu, lakini jumlisha kwenda uwanjani, kusubiri na kuingia mjini, siku imekatika. Kwa usiku 11 siioni nafasi yake.

Njia ninayowapangia wateja wangu ni kuandika usiku kwanza, miji baadaye. Chukua karatasi, andika tarehe moja moja, na mbele ya kila tarehe andika utalala wapi. Usijaze kitu kingine mpaka safu hiyo iishe. Kila unapobadilisha hoteli unapoteza nusu siku: asubuhi hutakiwa kutoka saa 4 au saa 5, chumba kipya hupewi mpaka saa 9 alasiri, na katikati hapo unaburuta masanduku. Ubalozi wa Japani nao unataka karatasi hiyo hiyo. Kwenye maombi ya viza kuna fomu ya ratiba yenye safu ya tarehe, shughuli, mawasiliano na mahali pa kulala, siku baada ya siku, tangu kutua hadi kuondoka. Ratiba yenye miji sita kwa usiku 11 inampa afisa maswali ya kuuliza. Yenye miji mitatu inasomeka.

Kwenu ningeandika Tokyo usiku 5, Kyoto 3, Osaka 3. Nara na Hiroshima hamlali, mnakwenda na kurudi. Tokyo nimewapa nyingi kwa makusudi. Japani iko mbele yetu kwa saa 6, kwa hiyo siku mbili za mwanzo mtakesha usiku wa manane macho makavu na mtasinzia mchana. Msipange jambo zito siku hizo.

Tarehe ndiyo inayonipa wasiwasi. Kuanzia 29 Aprili hadi 5 Mei Wajapani wenyewe wanakuwa na mfululizo wa sikukuu wanaouita Golden Week. Hoteli hupanda bei, Nozomi zote huwa za kiti kilichobukiwa tu, hakuna cha kuingia na kusimama foleni ya viti huru, na Kyoto hujaa mpaka barabara za kwenda hekalu la Kiyomizu-dera hazitembeleki. Mwombe mwajiri wako likizo ianze baada ya tarehe 10 Mei. Hali ya hewa bado ni nzuri, mvua zao huanza mwezi Juni. Ikishindikana kabisa, sogezeni hadi Novemba, majani yanapogeuka mekundu Kyoto. Watu ni wengi pia, ila si kama wiki ile ya Mei.

Viza ya kuingia mara moja huwa hai kwa miezi 3 tangu itolewe, kwa hiyo kuomba mapema mno nako hakusaidii. Andaeni barua ya mwajiri inayotaja likizo, taarifa za benki, nafasi ya ndege na ratiba. Maombi yasiyo na utata kwa kawaida hujibiwa ndani ya siku 5 za kazi baada ya kupokelewa, lakini mimi huwa nampa mteja nafasi ya mwezi mzima. Mnatoka Tanga, mtafunga safari ya Dar kwenda ubalozini, na karatasi moja ikikosekana mnarudi tena.

Turudi kwenye reli. Tokyo–Kyoto nunueni tiketi moja moja kwa Smart EX, huduma ya tiketi za mtandaoni, inapokea Visa na Mastercard. Fanyeni hivyo mkiwa bado nyumbani, maana benki nyingi hutuma namba ya uthibitisho kwa SMS kwenye laini yako ya Tanzania, na ukiwa kule laini haisomi utabaki unaitazama simu. Chagua kiti E, upande wa kulia ukielekea Kyoto. Dakika kama 45 baada ya kutoka Tokyo, kukiwa hakuna mawingu, Mlima Fuji unasimama dirishani kwako. Umbali wa hadi Kyoto unakaribiana na wa Dar hadi Dodoma kwa SGR, na Nozomi inaumaliza kwa saa mbili na robo hivi.

Ukinunua tiketi dirishani badala ya mtandaoni, unaweza kupewa vikaratasi viwili, kimoja cha nauli ya msingi na kingine cha treni ya haraka. Vyote viwili huingizwa getini kwa pamoja, vimelaliana, na vinatokea upande wa pili. Viokote. Wageni wengi huingiza kimoja, geti linafunga na kulia, watu nyuma wanasubiri kwa upole wa kuaibisha.

Masanduku pia yana kanuni yake. Kwenye njia hiyo, sanduku ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa vinazidi sentimita 160 linahitaji kiti cha nyuma chenye nafasi yake, kilichobukiwa mapema. Hakina malipo ya ziada, ila usipobuku unatozwa yen 1,000. Sanduku la 75 kwa 50 kwa 30 linafika 155, linapita. Mimi hushauri wateja wasilibebe kabisa: pelekeni masanduku mapokezi ya hoteli ya Tokyo, waombeni wayatume kwa takkyubin, huduma ya mizigo yenye magari ya nembo ya paka mweusi. Kesho yake yanakuwa Kyoto. Nyie mnapanda treni na kibegi cha nguo za usiku mmoja. Hasa kwa mara ya kwanza kwenye stesheni kama Shinjuku, yenye milango ya kutokea zaidi ya 200, mikono mitupu ina thamani kubwa.

Huku magharibi ndiko pasi inakolipa, lakini ni pasi nyingine: Kansai-Hiroshima Area Pass ya JR West, siku 5 mfululizo kwa yen 17,000. Osaka–Hiroshima kwenda na kurudi peke yake ni zaidi ya 20,000. Iwasheni siku ya Nara mkiwa bado Kyoto. Siku ya pili inawahamisha Osaka, ya tatu inawapeleka Hiroshima na kivuko cha JR cha kisiwa cha Miyajima, ya nne mji wa Kobe au ngome ya Himeji, ya tano inawafikisha uwanja wa Kansai kwa treni ya Haruka. Siku 5 zimekwisha zote, hakuna iliyopotea. Angalizo moja: kwa shinkansen, yaani treni za mwendo kasi kama Nozomi, inaanzia stesheni ya Shin-Osaka kwenda magharibi. Kati ya Kyoto na Osaka pandeni treni ya kawaida ya JR, ni nusu saa tu. Jumla ya nauli kubwa za kila mmoja inakuwa kama yen 31,000, dhidi ya 50,000 za ile mliyoambiwa.

Safari za ndani ya miji ni kadi ya kuchaji: Suica au Pasmo Tokyo, ICOCA upande wa Osaka. Yoyote inafanya kazi miji yote mnayokwenda, hata dukani na kwenye mashine za vinywaji, ila huwezi kuingilia Tokyo ukatokea Osaka kwa kadi hiyo peke yake. Kyoto msitegemee mabasi kila mahali, yanajaa. Hekalu la Fushimi Inari, kwa mfano, ni dakika 5 kwa treni ya JR kutoka stesheni ya Kyoto. Fedha taslimu wekeni kidogo mfukoni siku zote. Mashine za kutolea pesa ndani ya maduka ya 7-Eleven hukubali kadi za nje, kwa hiyo nendeni na kadi halisi ya benki. Kadi ya simu isiyo na plastiki itawakwamisha hapo.

Chakula kinahitaji mpango, lakini hamtalala njaa. Ramen mara nyingi supu yake ni ya nguruwe, na hata chakula cha samaki au mboga kinaweza kuwa na mirin au sake, ambavyo ni vileo. Hifadhi alama mbili kwenye simu: 豚 ni nguruwe, 酒 ni pombe. Ukiziona kwenye pakiti, rudisha rafuni. Lakini kutoziona hakumaanishi ni halali, kwa hiyo tumieni pia programu ya kutafsiri kwa kamera. Mikahawa ya halali ipo ya kutosha Tokyo, Osaka na Kyoto, mingi ya Kihindi, Kipakistani na Kituruki, na siku hizi hata ramen ya kuku ya halali inapatikana. Ijumaa ya Tokyo msiikose Tokyo Camii, karibu na stesheni ya Yoyogi-Uehara, msikiti wa mtindo wa Kituruki uliofunguliwa mwaka 2000 mahali pa ule wa 1938. Una duka la vyakula vya halali, chukueni akiba ya barabarani. Mkichagua Kobe siku ile ya nne, msikiti wake wa 1935 ndio wa kwanza kujengwa Japani, na ni dakika 20 na kitu kwa treni kutoka Osaka.

Kikausha nywele kiache nyumbani. Umeme wao ni volti 100, wetu ni 230, kwa hiyo kitapuliza hewa vuguvugu tu, na hoteli karibu zote wanaweka cha kwao chumbani. Chaja za simu na kompyuta angalia maandishi yake madogo; ikiandikwa 100–240V haina shida, inahitaji adapta tu ya pini mbili bapa. Nunueni adapta mbili Kariakoo siku mnayokuja kwa ajili ya viza.