Ukipewa dakika tano msibani, usihubiri mwisho wa dunia

Kama wewe ni mzee wa kanisa, kiongozi wa jumuiya, au unajulikana tu kwamba unajua kuongea, siku moja utashikishwa kipaza sauti msibani. Kwaya imeketi, ratiba imechelewa, mchungaji yuko njiani, na mwongoza ratiba anakuomba "neno fupi la faraja". Kazi hii nimeifanya miaka mingi hapa Mwanza. Ushauri wangu wa kwanza: usilitumie jeneza kutishia watu.

Kishawishi nakijua. Unawaona vijana ambao hawajakanyaga kanisani tangu kipaimara, ulimi unakuwasha kuwauliza parapanda ikilia leo watakuwa wapi. Waache. Mjane aliyekaa kwenye mkeka pale mbele hana nguvu ya kusikiliza habari za vita, njaa na chapa ya mnyama.

Somo linalosomwa sana misibani ni 1 Wathesalonike 4. Wengi hulisoma kama ratiba ya siku za mwisho, lakini Paulo aliwaandikia watu waliofiwa. Walihofu kwamba ndugu zao waliotangulia wangekosa siku ya kurudi kwa Bwana. Akawajibu kuwa hao ndio watakaofufuliwa kwanza, akamalizia: "Basi, farijianeni kwa maneno hayo." Tarehe hakutaja. Kulia pia hakukataza. Alisema wasihuzunike kama wasio na matumaini. Kwa hiyo ile "nyamaza, usimkufuru Mungu" tunayowarushia wafiwa sijui tumeitoa wapi. Yesu alijua anakwenda kumfufua Lazaro, na bado alilia.

Maswali mazito hayaulizwi kwenye kipaza sauti. Huja usiku, watu wamelala matanga, chai ya tangawizi inazunguka. Huku kwetu liko moja lisiloisha tangu MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996. Zipo familia ambazo hazikupata mtu wa kuzika, na katika makaburi ya pamoja Igoma wamelala wengine ambao ndugu zao hawakuweza kuwatambua. Mama mmoja aliniuliza, asiye na kaburi atafufukia wapi? Nilimfungulia Ufunuo 20:13, "Bahari ikawatoa wafu waliokuwa ndani yake," akaniomba nirudie kuusoma. Sikuongeza kitu. Ukianza kueleza jinsi mifupa itakavyokusanyika, utakuwa unabuni. Paulo mwenyewe, alipoulizwa wafu watakuja na mwili gani, alijibu kwa mfano wa chembe ya ngano: unayoipanda siyo itakayoota, na Mungu huipa mwili kama apendavyo.

Swali la marehemu yuko wapi kwa sasa, liendee taratibu. Wakatoliki wataombea roho iliyo toharani, Wasabato watasema amelala na hajui lolote, wengine watasema tayari yuko na Kristo. Koo zetu zimechanganyika. Nimeshuhudia ndugu wa tumbo moja wakibishana hili huku kaburi halijafukiwa. Fuata imani ya marehemu na kanisa linalomzika. Ubishi usubiri baada ya arobaini.

Na uweke alama kwenye Biblia kabla hujasimama. Hakuna kinachowachosha waombolezaji kama mtu anayepekua kurasa juani akitafuta Wathesalonike, kila mara anaangukia Timotheo.