Msongo wa mawazo: majibu ya barua zenu

Fedha za korosho zimechelewa, ada ya mtoto inadaiwa, mwezi wa 4 sasa silali vizuri. Huyo mshauri nasaha unayetuambia tumwone atanilipia deni? (Mkulima, Tandahimba)

Hatalipa, kaka yangu. Lakini saa 8 usiku, umelala chali unapiga hesabu ileile ya kilo, makato na madeni, deni halishuki hata shilingi. Unayepungua ni wewe. Mwili unaokaa miezi kana kwamba simba yuko mlangoni lazima ukose usingizi. Tiba ya mazungumzo inaanzia hapo: wewe na mshauri mnashika tatizo moja tu. Tuseme ada. Utaonana na nani shuleni, siku gani, utaomba kulipa kwa awamu ngapi? Unaondoka na hatua moja, wiki ijayo unarudi kueleza imekuwaje. Zimbabwe wanafanya hivyo tangu 2006: bibi wazee waliofundishwa hukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha waliokaa nao walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Washona wa huko wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ndiyo hali yako hiyo. Ukienda hospitali, pima na presha.

Nitajie dawa ya usingizi ninunue duka la dawa. (Wengi)

Sitaji, na nimeshasema mara nyingi. Valiamu mwili unaizoea, na aliyeizoea akiiacha ghafla anaweza kupata degedege. Daktari ndiye wa kuiandika.

Uraka kidogo, pombe yetu ya mabibo, jioni unanituliza. Kuna ubaya? (Newala)

Upo. Unakulaza lakini haukupumzishi, ndiyo maana alfajiri unashtuka moyo unakwenda mbio.

Mume wangu anasema kwenda kwa mwanasaikolojia ni kuutangazia mji kuwa nina wazimu. (Mama, Lindi Mjini)

Dada, barua yako imeniuma. Huku kwetu mwali anakaa na kungwi akafundwa ya ndani kabisa, na hakuna anayemwita mwehu. Mwanasaikolojia naye amefungwa na maadili ya kazi yake kutunza siri. Nenda. Na kama chanzo cha msongo ni kipigo, usiambiwe uvumilie: nenda dawati la jinsia polisi.

Kwenda mara moja inatosha? (Mikindani)

Hapana. Jipange kwa mara 6 au zaidi. Ila mawazo ya kujiua yakikujia, usingoje siku yako ya miadi: nenda hospitali saa hiyohiyo, na mtu akusindikize.