Jeni ya p53 kwa tembo, nyangumi na wa pwani

Bi Mkubwa wa Mkoani, umeuliza kwa nini tembo na ukubwa wote ule haugui sana saratani, na kama viumbe vya baharini navyo vina jeni ya p53, ile inayozuia saratani kwa kuziua seli zilizoharibika.

Vinayo, tena ya kale. Kwetu binadamu jeni hizi ni ndugu watatu: p53, p63 na p73. Maji yakitoka, ukimkuta anemoni (mnyama laini wa baharini) kajikunja mwambani, ujue naye ana jeni ya ukoo huo. Jamaa yake mmoja amechunguzwa maabara: DNA (chembe za urithi ndani ya seli) ikiharibika, jeni hiyo huziua seli zake za uzazi, kasoro isende kwa watoto. Ndiyo kazi ya p63 kwenye mayai ya mwanamke. Kwa hivyo inaelekea kulinda kizazi kulitangulia, vita vya saratani vikafuata.

Tembo ana nakala kama 40 za p53, sisi 2 tu. Nyingi zake ni pungufu, lakini seli yake ikiumia hujiua upesi, kabla haijageuka saratani. Nyangumi wanaopita Kizimkazi Julai hadi Septemba hawana rundo hilo. Kwao zimebadilika jeni nyengine za kuzuia uvimbe.