Programu Isiyojibu: Kosa Liko Wapi?

SWALI: Bwana Mhariri, nimeandika programu ya Prolog, lugha ya kompyuta inayotumia matamko na kanuni za mantiki, yenye matamko mawili: kuna barabara kutoka Bukavu hadi Kamanyola, na kutoka Kamanyola hadi Uvira. Kanuni yangu ya kwanza (X, Y na Z ni miji yoyote) inasema kuna njia kutoka X hadi Y ikiwa kuna njia kutoka X hadi Z na barabara kutoka Z hadi Y. Ya pili inasema kila barabara ni njia. Nikiuliza kama kuna njia kutoka Bukavu hadi Uvira, mashine huzunguka mpaka kumbukumbu ijae. Mwenzangu anadai kanuni zangu ni za uongo. Je, ni kweli?
Mwanafunzi, Kadutu, Bukavu

JIBU: Dada yetu, kanuni zako ni za kweli. Ninakuomba usifute hata neno moja kabla hujatenganisha mambo mawili: programu inasema nini, na mashine inaitekelezaje.

Wataalamu wa kompyuta Maarten van Emden na Robert Kowalski waliieleza maana ya programu za namna hii mwaka 1976, Prolog ikiwa imekwisha kuzaliwa Marseille, Ufaransa, mikononi mwa Alain Colmerauer na Philippe Roussel. Chukua karatasi tupu. Katika duru ya kwanza andika barabara zako mbili. Katika ya pili, kanuni ya pili inakupa njia mbili. Katika ya tatu, kanuni ya kwanza inaunganisha njia ya Bukavu–Kamanyola na barabara ya Kamanyola–Uvira, nawe unapata njia ya Bukavu–Uvira. Duru ya nne haiongezi kitu. Sentensi hizo tano, bila pungufu wala ziada, ndizo maana ya programu yako, na jibu unalolitafuta limo.

Tatizo ni mwendo. Prolog huanza na kanuni ya juu na sharti la kushoto, yaani lililoandikwa kwanza ndani ya kanuni. Kwa hiyo, ili ipate njia, inatafuta kwanza njia, na ndani yake njia nyingine, isifike kamwe kwenye barabara. Katika kanuni ya kwanza, andika masharti haya badala yake: barabara kutoka X hadi Z, kisha njia kutoka Z hadi Y. Sentensi ni zilezile tano, lakini sasa mashine inajibu. (Ukiongeza barabara ya kurudi Bukavu, itazunguka tena, isipokuwa uiwekee orodha ya miji iliyokwisha kupitiwa.)

Usahihi wenyewe hupimwa kwa kile ulichokusudia: kila linalotoka liwe kweli, na kila lililo kweli litoke. Hilo la pili ndilo husahaulika. Uliza njia ya Bukavu hadi Goma, nayo itasema hapana, kwa kuwa hukuitajia barabara ya kwenda huko kupitia Kalehe na Minova. Mtaalamu mwingine, Keith Clark, alilichambua jambo hili mwaka 1978: hapana ya Prolog ni kushindwa kuthibitisha kutokana na yale iliyoambiwa. Ongeza matamko ya barabara hiyo, kisha uulize tena.