Deni la mkopo wa simu si ruhusa ya kukutusi

Shemeji yangu alichukua mkopo wa simu, siku ya kulipa ikapita, basi wakaanza kunipigia mimi, wakampigia bosi wake, wakampigia hadi mama mkwe kule ushago, wote tunaambiwa tumwambie huyo mwizi alipe leo leo. Na mimi sikumdhamini mtu! Namba zetu walizitoa tu kwa simu yake.

Wengi hapa Kenya wananyamaza kwa sababu deni lipo kweli. Sawa, lipo, na alipe. Lakini kanuni za Benki Kuu za 2022 za wakopeshaji wa kidijitali zinakataza kumtisha mkopaji, kumtukana, kuanika jina lake ama kusumbua watu walio kwa kontakti zake. Na wewe ambaye hukukopa usidhani hayakuhusu, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakulinda pia, namba yako ni data yako na hakuna aliyekuuliza kama itumike kudai mtu mwingine.

Kwa hivyo usibishane nao kwa simu, wanataka upandishe hasira. Uliza jina la kampuni, weka meseji zote, piga skrinshoti za namba na saa waliyopiga, halafu peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data. Unaandika mtandaoni, huhitaji wakili, na sheria inawapa siku 90 wamalize uchunguzi. Wanauma kweli, mwaka 2023 kampuni ya Mulla Pride ilipigwa faini ya karibu shilingi milioni 3 kwa mambo haya haya ya simu na meseji za vitisho.

Ile ya "polisi wako njiani" ndiyo inanikera zaidi, mama mkwe hakulala siku hiyo. Polisi hawamshiki mtu eti kwa sababu amechelewesha mkopo. Mdai aende kortini kwanza, ashinde kesi, na hata hapo kifungo cha deni lazima kitoke kwa amri ya korti, si kwa kijana anayepiga simu.

Pia angalia kwa tovuti ya Benki Kuu kama hiyo kampuni ina leseni, kama haina washtaki huko pia. Na ukilipa, lipa kwa akaunti ya kampuni yenyewe, usitume hata bob kwa namba ya huyo anayekupigia.