Usifumbe Macho: Yoga kwa Miguu Iliyokufa Ganzi

Pini ilikaa kisiginoni kwangu kutwa nzima bila mimi kujua. Mimi ni fundi cherehani, na pini kudondoka sakafuni ni jambo la kila siku. Jioni nimekaa barazani, mjukuu wangu akauliza, "Bibi, mbona una kitu kinang'aa mguuni?" Kilikuwa kichwa cha pini. Yenyewe yote ilikuwa imezama ndani, na sikuwa nimesikia chochote.

Huo ulikuwa mwaka wangu wa 11 na kisukari. Kliniki, nesi aliniambia nifumbe macho, akawa ananigusa nyayo kwa kiuzi cha nailoni, kile kinachopinda kikishakandamiza ngozi kwa uzito wa gramu 10 tu. Kila nikisikia niseme "ndiyo". Nilikaa kimya muda mrefu mpaka nikafikiri hajaanza, kumbe alikuwa amekwisha kumaliza mguu mmoja. Akanieleza kwamba sukari ikikaa juu miaka mingi huumiza neva pamoja na vimishipa vidogo vya damu vinavyozilisha, na neva ndefu kuliko zote ndizo hutangulia kuumia. Ndiyo maana ganzi huanzia vidoleni, ikapanda kama mtu anayevaa soksi.

Jambo ambalo sikulielewa siku ile ni kwamba neva hizohizo ndizo humwambia mtu mguu wake uko wapi. Nililielewa darasani. Binti yangu alinipeleka kwenye yoga, tukiwa watu kama ishirini, na mwalimu hakumuuliza yeyote habari za afya yake. Tulipoambiwa tusimame mguu mmoja na kufumba macho, nilianguka kama gunia, nikamwangukia mama aliyekuwa pembeni. Niliacha kwa miezi minne. Niliporudi nilirudi peke yangu, nyumbani, na sheria moja: macho wazi. Mguu usiposikia, jicho na mkono ndivyo vitasikia badala yake.

Sitamdanganya mtu kwamba yoga inafufua neva zilizokufa. Dawa, chakula na kudhibiti sukari vinabaki palepale. Nilichopata mimi ni kusimama bila kuyumba, kuinuka kutoka kwenye sijda bila kushika kabati, na usiku ule moto wa nyayo unaponiwakia, kuwa na namna ya kupumua mpaka usingizi unichukue. Na wanaoniuliza kama si ibada ya watu wengine, mimi nachukua kunyoosha viungo na pumzi, basi.

Kabla ya yote napima sukari. Ukitumia insulini au vidonge vinavyoweza kuishusha sana, na mashine ikasoma chini ya 5 (kwa kipimo cha mmol/L), kula kitu kidogo kwanza. Ikiwa chini ya 4, acha mazoezi: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena.

Kisha kiti. Kiwe cha mbao, mgongo wake umegusa ukuta. Cha plastiki huteleza kwenye vigae. Nafagia, natandika mkeka na kuupapasa kwa kiganja, maana nyumba ya fundi haikosi pini. Nakaa, napandisha mguu mmoja juu ya goti la mwenzake, naingiza vidole vya mkono katikati ya vidole vya mguu, kimoja kimoja, na kuzungusha taratibu. Hapa usiwe na haraka. Mkono wako utakuambia mambo ambayo mguu hauwezi tena kukuambia: ngozi iliyokauka ikapasuka, kokoto, na hasa joto. Mguu mmoja ukiwa wa moto na umevimba kuliko mwingine, hata kama hauumi, usiukanyagie. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwani mifupa huweza kuwa inasagika ndani kimyakimya.

Baada ya hapo navuta vidole kuja kwangu, navisukuma mbele, mara 10, huku nikivitazama. Kusimama ni kwa viatu vya kufunika, najua wenye yoga husimama pekupeku lakini wao wanasikia chini. Uso ukutani, viganja viwili ukutani usawa wa mabega, nainua visigino, nahesabu hadi tano, nashusha. Vikizoeleka, naweka mguu mmoja mbele ya mwingine kama anayetembea juu ya kamba, mikono bado ukutani.

Mikao ya kichwa chini miguu juu niliiacha kabisa. Kisukari changu kimegusa macho pia, na daktari wa macho alinikataza, kwa sababu presha inayopanda huko huweza kupasua vimishipa dhaifu. Nawe muulize daktari wa macho kabla ya kujaribu.

Mwisho nalala chali, mashavu ya miguu juu ya kiti, dakika tano. Navuta pumzi kwa hesabu ya nne, naitoa kwa sita. Kuamka kuna utaratibu wake: ubavu kwanza, kukaa, kutulia, ndipo kusimama. Kisukari huweza kuharibu hata neva zinazosawazisha presha, ukiinuka ghafla dunia inazunguka.

Na kama unameza vidonge vya kisukari vya metformini miaka mingi, muulize daktari kuhusu vitamini B12. Dawa hiyo huweza kuipunguza mwilini, na upungufu wake nao huleta ganzi ileile.

Nikimaliza naweka kioo kidogo sakafuni, mjukuu ananimulikia na simu, tunakagua nyayo na katikati ya vidole. Tukikuta lengelenge, hata dogo kama punje ya mtama, naenda kliniki, na mpaka lipone sisimami: nabaki na mikono, mabega na pumzi, nikiwa kitini.