Kumbukumbu hufutwa, huachwa au huachiliwa?

SWALI: Natafsiri mwongozo wa maktaba saidizi ya lugha ya C, inayowakinga waandishi wa programu na makosa ya kumbukumbu. Maktaba huhesabu wanaotumia kila kipande cha kumbukumbu ya kompyuta. Nimeandika "programu hukopa kumbukumbu", na penye free, fanksheni ya kurudisha kumbukumbu isiyohitajika tena, nimeweka "futa". Mwenzangu anataka "acha". Tuchague lipi?

JIBU: Wekeni "achilia".

Kufuta ni kuondoa kilichoandikwa, kama ubao unavyofutwa. Fanksheni ya free haifanyi hivyo: hurudisha nafasi ili igawiwe tena, na baiti zilizokuwamo huweza kubaki mpaka ziandikwe nyingine juu yake. Aliyeweka nywila humo akisoma "futa" ataamini imetoweka. Kitenzi hicho kitunzieni memset_explicit ya toleo la C23, ambayo kweli hufuta.

"Acha" naliogopa zaidi. Ukiacha kitu unaondoka, chenyewe kinabaki palepale. Programu ikiacha kumbukumbu iliyotengewa, hapo ndipo kumbukumbu inapovuja, kasoro ileile ambayo maktaba yenu inapigana nayo! Mzizi wa "achilia" ni huohuo, lakini mnyambuliko umeupa maana nyingine: anayeachilia alikuwa amekishika kitu, naye anakitoa mkononi kwa kukusudia. Tena makosa mengine yanapata majina bila taabu: kuachilia mara mbili, kutumia kilichokwisha kuachiliwa.

Hilo la "kukopa" nalo lirekebisheni. Ukikopa fedha, hulazimiki kurudisha noti zilezile. Ukiazima kitabu, unarudisha kitabu kilekile. Programu huazima. free inataka anwani ileile iliyotolewa na malloc, fanksheni inayotenga kumbukumbu, na ukiisogeza pointa (kigezo kinachoshika anwani hiyo) baiti moja mbele kabla ya kuikabidhi, lugha ya C haiahidi chochote kuhusu kitakachofuata.

Sasa kauli ya kitenzi, ambayo kwa maktaba ya kuhesabu watumiaji ina uzito mkubwa. Hesabu ikifika 0, maktaba yenyewe ndiyo inayoita free. Basi andikeni "kipande huachiliwa hesabu ikifika 0", na mwandishi wa programu mwambieni "punguza hesabu ukimaliza". Mkimwamuru "achilia kipande", ataita free kwa mkono wake, maktaba nayo itakuja kuita yake, na kipande kimoja kitakuwa kimeachiliwa mara mbili kwa sababu ya tafsiri.